Kitambaa Juu ya Firewall

Zombe, Jumanne jioni

Kumbe si wanafunzi.

Wiki mbili nimekodolea macho grafu ya firewall, ile mashine ndogo inayopitisha mtandao wote wa chuo chetu. Asubuhi inapitisha vizuri, ikifika saa tano mstari unaanguka karibu chini kabisa. Nikasema ni wanafunzi na video zao. Nikawafungia mtandao wote, hata wa masomo, na nikamwambia mkuu wa chuo hivyo nikiwa na uhakika kabisa. Mstari ukaendelea kuanguka.

Leo saa tano nikaingia stoo inakokaa ile mashine na kuikuta imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua ya pinki, kama TV ya sebuleni. Kuigusa, moto kama sufuria.

Mama Kalekye, anayetusafishia ofisi, alishangaa nilipomwita. "Vumbi yote hii, na nyinyi mnaiacha uchi?"

Kila asubuhi akimaliza kufagia huifunika. Nikamweleza kwamba lazima ipate hewa, ikipata joto inajipunguzia kasi. Akakikunja kitambaa polepole. Alikifuma mwenyewe.

Mchana mstari ulipanda ukabaki juu. Nikawafungulia wanafunzi wote, bado haukutingishika. Ningefurahi, lakini mmoja wao alipita mlangoni akanishukuru kwa kuwarudishia mtandao. Akanishukuru!

Mama Kalekye ameniambia pole mara tatu leo. Mimi wanafunzi sijawaambia hata mara moja.