Leso kwa Kifaransa

Lyon, 4 Februari 2024

Mama mpendwa,

Hamjambo hapo Kaloleni? Kifua cha Baba kinaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi ya huku inaingia hadi kwenye meno.

Jana bibi mmoja alifariki hapa kwenye nyumba ya wazee ninapofanya usafi. Muuguzi akaniita: "Lete linceul." Wao hulitamka "lansoli", sauti ikipitia puani. Mimi nikasikia leso. Nikavua ile uliyonifunga mabegani siku ya kuondoka, nikampa. Akanirudishia. Kumbe alitaka sanda.

Lusia, Mreno tunayefanya kazi naye, alinieleza baadaye. Asili ni moja, Kilatini, neno la kitani. Kwao ni lenço, "lensu", kitambaa cha kichwa. Wareno walifika nalo pwani yetu likawa leso. Waitaliano wana lenzuolo, shuka ya kitanda. Wafaransa wakalivisha maiti. Alicheka. Mimi nilishindwa.

Mwanao,
Nekesa

Kaloleni, 2 Machi 2024

Mwanangu Nekesa,

Amani iwe nawe. Mimi naamka, namshukuru Mungu.

Nilimsomea babako ujumbe wako. Akalijaribu hilo neno, "lansoli", akakohoa mpaka akashika ukuta. Akasema, "Mwambie huyo Mreno kwetu leso hubeba mtoto."

Nimechelewa kujibu kwa sababu tulikuwa naye hospitalini. Wametuambia tumrudishe nyumbani. Hawakueleza sababu, nasi hatukuuliza. Njoo ukiweza.

Mamako

Lyon, 3 Machi 2024

Mama,

Mmeamkaje? Baba anakula?

Vibali vyangu bado viko ofisini. Nikitoka kabla havijakamilika, sitaruhusiwa kurudi. Wamesema Mei. Tafadhali mwambie Baba anivumilie mpaka Mei.

Mwanao,
Nekesa

Kaloleni, 26 Machi 2024

Mwanangu,

Natumai umeamka salama, na kwamba umeketi. Kwa simu sauti ilinigomea, ndiyo maana naandika.

Babako tulimzika Jumamosi, kwao Busia. Ningekuambia hakuumia, lakini aliumia. Kila asubuhi aliniuliza, "Nekesa anafika lini?" Nami nikamjibu, "Kesho." Mwishowe akanishika mkono: "Kageha, acha. Mwambie asije, atapoteza kazi yake."

Hayo ndiyo aliyosema yeye, nimeyafikisha.

Mimi nasema njoo.

Mamako