Gari Limechemsha

Nyabusozi, 3 Juni 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi na watoto hatujambo, ila sijui magoti yako yanaendeleaje na baridi ya huko Mbuba. Barua nimempa Emilian wa basi, maana wewe na simu hamsikilizani.

Baba, gari lako linachemsha. Nikipakia mahindi na kuanza kupanda ule mlima wa kuja nyumbani, sindano ya joto inakimbilia kwenye nyekundu. Fundi Danstan anataka kung'oa thamostati. Kaka Frednand ameshapata mnunuzi. Anasema pikapu hii inachemsha tangu tukiwa wadogo, tunang'ang'ania nini? Nami nakumbuka kweli: kila safari ulisimama pale kijitoni, ukafungua boneti, Mama akashuka na kidumu kuchota maji, sisi huku nyuma tukitafuna mahindi ya kuchoma. Sitaki liuzwe. Ndani yake ndimo ninamomkumbuka Mama. Nimwambie nini Frednand?

Binti yako,
Auleria

Mbuba, 9 Juni 2024

Mwanangu Auleria,

Marahaba. Magoti ni yale yale, lakini kanisani nafika.

Danstan aiache thamostati mahali pake! Bila hiyo injini haipati joto lake, itakunywa dizeli bure. Tazama mbele ya rejeta. Unabeba mahindi, makapi yameziba vile vitundu, upepo utapita wapi? Likiwa limepoa, lioshe kwa maji kutokea upande wa injini, taratibu. Kaza mkanda wa feni. Mlimani shusha gia mapema. Sindano ikipanda, simama, liache lingurume kidogo, na mfuniko wa rejeta usiuguse mpaka lipoe kabisa.

Sasa la Frednand. Gari lile halikuchemsha hata siku moja. Mama yenu ndiye aliyekuwa akichafukwa na tumbo, na mbele ya abiria aliona haya. Nikimwona amebana kanga mdomoni, nasema kwa sauti, "Limechemsha!" Anashuka na kidumu, anatapika huko kijitoni, ananawa, anarudi. Yale maji nilimwagia tairi. Hamkuona? Nimemkumbuka mno nikiandika haya.

Baba yako

Nyabusozi, 23 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima. Nimecheka, kisha nimelia.

Makapi yametoka ndoo nzima. Jana nimepanda na mzigo, sindano ikabaki katikati. Frednand nilimsomea barua yako. Akampigia mnunuzi, akamwambia basi tena.

Ila nilipita kijitoni bila kusimama, Baba, nikaona kama nimemwacha Mama njiani.

Binti yako,
Auleria

Mbuba, 30 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba, na hongera. Misa ya kumwombea Mama ni Jumamosi, tarehe 20 Julai. Njoo na shangazi yako Domisiana. Mkifika kijitoni, simama. Akikuuliza, jibu unalijua.

Baba yako

Nyabusozi, 24 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Tulifika salama. Emilian kaniambia unauliza kidumu cha maji kilichoachwa kaburini kwa Mama ni cha nani.

Ni changu. Nilisimama, sindano ikiwa katikati, nikafungua boneti. Shangazi akalalamika, "Aa, gari hili bado tu?" Nikamwambia limechemsha. Nikashuka, nikanawa uso, nikachota.

Safari hii usiyamwage kwenye tairi, Baba. Mwagilia maua yake.

Binti yako,
Auleria