Damu Kali Haikukuokoa, Shomari

Shomari, mtani wangu,

Nakuandikia kwa hasira, na usijifanye umelala. Huko kaburini Mbwera huna kazi, utasoma.

Unajua mimi nimetembea. Bandari zote kuanzia Mtwara mpaka Mombasa zinanijua, na darasa la tano nililoishia mimi kuna wenye vyeti wanalionea wivu. Lakini hili limenishinda. Ulipokuwa hai hakuna aliyekusikiliza, hata mbuzi wako. Umekufa, neno lako limekuwa sheria.

Binti yako Zaituni ana mimba kubwa. Sindano ya pepopunda kaikataa. Nimembembeleza, nimemfokea, jibu lake ni wewe tu: "Baba alisema damu yetu kali, ina askari wake."

Askari! Walikuwa wapi msumari wa mtumbwi ulipokuchoma mguu, ukapaka majivu, ukarudi shambani kwenye mpunga unacheka?

Nikamfuata nesi wa zahanati anieleweshe. Kumbe askari kweli wapo ndani ya damu. Wakishapigana na kidudu wanaikariri sura yake, akirudi wanamdaka mlangoni. Ila huyu wa pepopunda ni mwizi mwingine. Sumu yake kidogo tu inamaliza mtu kabla askari hawajaijua. Vidonda vyote ulivyowahi kupona havikuwafundisha kitu. Sindano ndiyo inayowaonyesha sura mapema, na mama akichomwa, humgawia kinga na mtoto aliye tumboni. Nilimweleza Zaituni yote hayo, kwa ufundi kumzidi hata nesi. Akanijibu, baba alisema.

Basi leo asubuhi nikaitumia ruhusa ya mtani ya kumwigiza marehemu, nikakuigiza mlangoni kwake. Kwanza majivuno yako, kifua mbele. Akacheka mpaka akashika tumbo. Halafu nikaigiza siku zako za mwisho. Meno yameumana, shingo nyuma, mgongo umepinda, maji hayapiti. Nilitaka kuacha, Shomari. Nikajikuta nalia huku meno nimeyauma.

"Basi, baba mdogo," akasema. "Twende."

Kachomwa. Njia nzima ya kurudi kanitukana kwa maumivu ya mkono. Mdomo karithi wako.

Mungu akupanulie hapo ulipo, ndugu yangu. Sindano ya pili nitampeleka mwenyewe, na mtoto akizaliwa, zake zote. Nimeahidi. Hasira yangu haijaisha. Siku nikija huko nitakuja nayo, tumalizane.