Bawa Lililomsalimu Mama

Nyumba ya Mzee Thadeus,
Bomang'ombe, Hai.
9 Machi 1999

Mpendwa Baba mdogo Eliakim,

Shikamoo. Kabla hujasoma mbele nakusihi: haya yaishie machoni pako. Hata Mama mdogo Justina usimsomee. Ukimaliza, ichome.

Mnaendeleaje huko Gaborone? Kile kikohozi kimepoa? Huku mvua imechelewa na migomba imenyong'onyea, lakini Mama ni mzima, na ng'ombe wake amezaa ndama jike.

Baba mdogo, mimi si rubani. Leseni ninayo, ile uliyonisemea kwa rafiki zako wa chuo cha urubani hadi wakanipokea. Lakini huu ni mwaka wa pili nakaa kaunta pale uwanja wa ndege wa KIA, napima mizigo na kuandika majina ya abiria.

Nilipohitimu nilikuwa na milango miwili. Kampuni ndogo ya Arusha ilitaka rubani wa ndege ya injini moja, apeleke watalii mbugani, aanze mara moja. Kampuni kubwa ilisema nianze na ukarani, kiti cha rubani msaidizi kitapatikana baadaye. Nikachagua kubwa, nikawaambia watu nimefuata heshima. Ukweli ni kwamba siku wale wa Arusha waliponijaribu tulitua kwenye kiwanja kifupi cha vumbi, pundamilia wakakatiza mbele yetu, mikono yangu ikatetemeka hadi mkuu wao akashika usukani. Hata hivyo walinikubali. Mimi ndiye niliyekimbia.

Sasa nimejua kwamba kile kiti hakipatikani bila saa elfu moja za kuruka. Ninazo mia mbili na kumi, na kaunta haiongezi hata moja. Kapteni mmoja, mtu wa Marangu, hunitania kila akipita: "Karani, leseni ni ng'ombe wa maziwa. Usipomkamua anakauka!" Wenzangu hucheka, nami hucheka nao.

Mama aliniona na shati jeupe na tai, akatangaza usharikani kwamba mwanawe anarusha ndege. Sikumsahihisha. Nikaongeza la kwangu: kwamba nikipita juu ya nyumba yake Machame nitainamisha bawa kumsalimu. Ndege ya jioni hukata kona pale kila siku, kwa hiyo huinama. Na kila siku Mama alitoka kihambani, kwenye migomba yake, akapunga kanga.

Wiki iliyopita nililala kwake na malaria. Jioni ndege ikapita, ikainama. Mama alikuwa mlangoni, kanga mkononi. Akaitazama, kisha akanigeukia pale kitandani.

"Ebene, basi huyu anayenisalimu ni mtoto wa nani?"

Nikasema ni mwenzangu, nimemwachia salamu. Akaikunja kanga taratibu. Kesho yake ndege ilipita, hakutoka.

Kampuni ya Arusha inatafuta rubani tena. Jana niliwaandikia kwamba nakuja, nianze tarehe mosi Aprili. Bado naogopa. Wewe fundi wa ndege umewaona marubani wengi: niambie kama mikono huacha kutetemeka.

Jumapili napanda Machame na jani la isale, nimwombe Mama msamaha. Unajua kwetu isale haikataliwi. Nitamwambia mimi mwenyewe, tafadhali usinitangulie.

Nisalimie Gladness na Yoramu. Mungu aifunike nyumba yenu kwa mkono wake.

Usipige simu dukani kwa Beatrice, ujumbe humfikia Mama kwanza. Niandikie kupitia kampuni ya Arusha. Sanduku lao la posta nimeliandika nyuma ya bahasha. Mbele ya jina langu usiweke Rubani. Andika Ebenezeri tu, mpaka nitakapokuambia.

Mwanao akupendaye, mwenye aibu,
Ebenezeri