Sare ya Zambarau Iliyotoka Kijani

Mpendwa mshauri Mama Bernadeta, shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi maana nimejitia kitanzini mwenyewe. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti hapa Mkuyuni, na mchumba wangu Kokushubira ni mwalimu, haoni tangu kuzaliwa, lakini usimfikirie vibaya, anapika, anapiga pasi, samaki sokoni ananichagulia yeye kwa kubonyeza na kunusa matamvua, na nguo zake amezishonea vifundo vya uzi kwa ndani, kimoja nyeupe, viwili bluu, hajawahi kukosea, wakati mimi ninayeona nimeshaenda kanisani na soksi mbili tofauti. Sasa sare ya akina mama wa harusi alichagua yeye, akasema anataka zambarau, maana zambarau anaijua, ameila tangu utotoni, kama anavyoijua manjano kwenye mchuzi na kijivu kwenye majivu ya jiko, akanituma dukani, nami kufika pale nikakuta kijani yenye njano inang'aa, rangi za timu yangu, na mimi damu yangu ni Yanga, shetani akaniambia rangi kwake ni neno tu, nikabeba majora yote. Nikamwambia zambarau imetoka safi. Mama, huyu binti ni Simba, mechi hazimpiti redioni. Nguo zimeshashonwa, mama yangu na dada zangu nimewapanga wote waseme zambarau, ila shangazi yake Jovina anatoka Bukoba Ijumaa na yule hapangiki, na kibaya zaidi wiki hii kila jioni Kokushubira ananiuliza, "Masalu, zambarau yetu ikoje?" nikijibu anacheka peke yake. Nampenda sana, sitaki kumpoteza. Je, nimwombe na shangazi aseme zambarau, au ninyamaze tuoane kwanza?

Masalu, Mkuyuni

Marahaba, Masalu. Nimecheka mpaka nikamwaga chai, halafu nikakasirika. Pole nakupa, ila ni ndogo.

Eti rangi kwake ni neno tu. Wewe unayeona, zambarau unaijuaje zaidi ya kuitazama? Mwenzio anaijua kwa utamu wake na inavyokausha ulimi. Alitaka siku yake iwe na kitu anachokijua, wewe ukamletea timu.

Halafu unadhani hajui. Ameshajua, baba. Mtu anayeweka vifundo kwenye kila gauni hawezi kuiacha sare ya harusi ipite bila kumbana fundi cherehani, na simu za siku hizi ukizielekeza kwenye nguo zinataja rangi kwa sauti. Kila jioni anakupa nafasi ya kusema kweli, na kila jioni unaitupa.

Kwa hiyo leo ukitoka kazini, oga, nenda kwao. Usianze na hadithi ya duka kuishiwa. Sema: "Nilikudanganya. Ni kijani, nilijichagulia mwenyewe, tena nikawafundisha watu wa kwetu wakudanganye." Hilo la mwisho usiliruke, ndilo zito, maana binti wa watu anaingia kwenye ukoo uliokaa kikao cha kumdanganya. Mama yako na dada zako wakamwombe radhi kwa midomo yao. Kitambaa cha zambarau tafuta leo hii, hata kama kitatosha vilemba tu. Akitaka uvae shati jekundu la Simba mbele ya padri, vaa, tena utabasamu.

Shangazi Jovina mwache kabisa. Na Kokushubira akisema harusi isubiri, isubiri, wala usiende kuwaambia watu ni shida ya macho. Atakuwa amekuona vizuri.