Njia ya Bapagazi, Baraka mpaka Kabambare

Jumamosi, 25 Julai 1998

Barua ya rafiki yangu Uledi imefika na mutumbwi wa asubuhi! Yeye anafundisha histoire, habari za kale, kule Ujiji, mi nafundisha huku Baraka. Ziwa tu liko katikati. Amekubali tufungue pamoja njia ya zamani ya bapagazi. Mugeni aanzie kwao Ujiji, avuke ziwa, apande milima ya Fizi kwa miguu mpaka Kabambare. Kila kituo, muntu wa pale pale amuelezee. Alale kwetu, ale sombe na ndagala. Vita imeisha mwaka jana — bantu banataka kitu kingine cha kuongea. Nimetazama maji saa nzima. Nikabaona akilini bageni banakuja, na kofia zao, banacheka.

Jumatano, 29 Julai

Nimepanda mulima na Bibi Saumu, jirani yangu. Miaka sabini na kitu, ananishinda kutembea! Ameonyesha chemchemi. Halafu mawe, pale bapagazi balitua pembe za tembo. Akakaa, akapapasa jiwe. Nikauliza: Bibi, nini?

— Mama ya mama yangu alipita hapa na kamba shingoni. Bageni bako utabaambia hiyo, ao milima mizuri tu?

Nimesema nitaandika. Akasema niandike jina lake la kwao, si lile balilomupa huku. Ngalula. Nimeliandika polepole. Tukarudi.

Jumatatu, 3 Agosti

Radio: vita. Goma, Bukavu. Tena! Nimechora karte, ramani ya vituo vya kwanza, kalamu ya buluu, kama hakuna kitu.

Alhamisi, 27 Agosti

Bantu ba kijiji cha Mboko banakimbia vita, banapita huku, magodoro kichwani. Mitumbwi imejaa; hata bandari ya Kazimia, banasema, hakuna nafasi. Barabara ya Fizi iko na baaskari. Sokoni mama mumoja, Espérance, mutoto mugongoni, amenishika mukono: Mwalimu, ni kweli unajua njia ya mulimani yenye maji? Nimeingiza mukono mufukoni, kutafuta karte. Bibi Saumu, pembeni yangu, amenijibia. Amekaza kitenge, akasema twende.

Ijumaa, 28 Agosti

Tuko mulimani, bantu arobaini na kitu. Batoto bamekunywa maji ya chemchemi. Ukungu umeshuka, ziwa linaonekana kama liko juu, linaelea. Uzuri gani huu! Nasikia haya kuuona.

Espérance ameuliza hii njia nilitafuta ya nini. Nimesema: ya batalii. Amecheka mpaka machozi. Mi pia.

Sasa njia imegawanyika mbili. Siku ile ya mawe, mi na Bibi hatukufika huku. Karte yangu imeishia nyuma. Bibi Saumu anasema hata yeye hajapita hapa. Nimekaa kuandika ili bafikiri napima njia. Kuume kuna majani yamelazwa — ni miguu ya nani, ya baaskari? Kushoto, majani yamesimama.

Espérance amesimama mbele yangu: Mwalimu, wapi? Nyuma yake bote banasimama, banajitwika mizigo, bananitazama. Nafunga daftari.