Kabula wa Mezani

Mayu, mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua uko Songwa kwa mama mdogo, na umesema hurudi tena kwenye cherehani yako hapa Nyasubi kwa kuwa macho yamechoka. Macho yako hayana neno, mayu. Jumamosi Mama Shija, muuza dagaa wa jirani, alinieleza ukweli, nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Naandika hadharani, kila mtu asome, kwa sababu na wewe ulifokewa hadharani.

Unakumbuka nilivyokuletea ile kompyuta, nimetoka chuoni na Java yangu ya kuandikia programu, kichwa kimevimba? "Vipimo vya wateja vyote humu," nilikwambia. Ulipiga vigelegele mpaka Mama Shija akaacha dagaa wake aje kuona. Sikukuuliza hata unaanza kupima wapi. Wewe unaanza na bega. Dirisha la programu niliyokuandikia likadai urefu kwanza. Mteja anataka gauni lisilo na mikono, dirisha linadai mkono! Ukiacha wazi, kinaruka kidirisha chekundu chenye mlio: KOSA! JAZA UPYA! Nawe, kumbe, ulikuwa unakijibu kwa sauti ndogo, "Basi, mwanangu, samahani."

Wateja wakaipa kompyuta jina. "Mama Kabula, leo Kabula kaamka vibaya!" Jina langu, mayu. Mimi uliyenifundisha kukupigia goti nikikuamkia.

Na wewe hukuwahi kunifokea kwenye kazi. Siku niliposhona mkono wa kulia upande wa kushoto, tena nguo ya harusi, ulicheka tu: "Fumua, mwanangu. Uzi upo."

Basi nimefumua. Bega limekaa juu kabisa, maandishi makubwa. Kitufe cha Futa nimekiweka mbali na cha Hifadhi, maana najua vilikuponza. Gauni likiwa halina mikono, kisanduku cha mkono hakionekani. Mlio nimeutoa. Ukisahau kitu, chini panatokea maneno madogo ya kijani: "Bado kiuno, mayu. Uzi upo."

Sijui kama inatosha. Nimeshika simu mara nyingi nikairudisha mfukoni, kwa aibu. Cherehani nimeifunika kitenge chako, vumbi lisiingie.

Ukija, usiiwashe kompyuta kwanza. Utanikuta mlangoni, nimepiga goti.

Kabula,
yule uliyemzaa.